Babu Ana Meno Ishirini

"Ukiendelea kulia nakupeleka kwa daktari akakung'oe meno yote." Maneno haya nimeyasikia stendi, nimeyasikia sokoni, nimeyasikia hata nje ya mlango wangu wa kazi, mama akimtisha mtoto ambaye wala jino halimuumi. Anayesema hana ubaya. Anataka mtoto anyamaze, na kweli ananyamaza. Mwaka unapita, gego linatoboka, shavu linavimba, na mama yule yule ananiuliza kwa nini mtoto ameng'ang'ania fremu ya mlango kwa mikono miwili na hataki kuingia.

Mimi ni tabibu wa kinywa na meno katika kituo kimoja cha afya mkoani Singida. Kwa cheo si daktari, ila benchi zima linaniita daktari na nimeshaacha kubishana. Wagonjwa wangu wengine ni wa mjini, wengine hupanda basi au bodaboda kutoka Ilongero, Mtinko, Ikungi na Puma. Watu wazima wengi huja jino likiwa limekwisha kuoza hadi ndani, kwa hiyo kwao kazi yangu kubwa ni kung'oa. Kwa watoto nimejipangia kazi nyingine inayotangulia hiyo. Nataka mtoto anapovuka kizingiti ajue kwamba tuliyekuwa tunamngoja ni yeye, si jino lake.

Wapo wanaoona huu ni upole wa tabia tu, jambo la kupendeza lakini si tiba. Nakataa. Mtoto mwenye hofu hafungui mdomo. Asipofungua mdomo siwezi kuziba tundu likiwa dogo. Tundu lisilozibwa hufika kwenye mshipa, na hapo kinachobaki ni koleo na ganzi, yaani kile kile alichokuwa akikiogopa. Akitoka hapo amethibitisha kwamba aliyotishiwa nyumbani ni kweli, na harudi tena mpaka awe mtu mzima mwenye shavu lililovimba. Watu wazima wengi wanaotetemeka kwenye kiti changu, ukiwauliza, watakusimulia jambo la utotoni.

Mezani kwangu kuna kaunta buku lenye jalada gumu. Rejesta ya kituo inataka jina, umri, kijiji, ugonjwa na tiba. Kaunta buku langu linataka mambo ambayo rejesta haiyaulizi: nyumbani anaitwa nani, amekuja na nani, anapenda nini, safari iliyopita aliogopa kitu gani. Jina la kadi na jina la nyumbani mara nyingi hayafahamiani. Kwenye kadi mtoto ameandikwa jina la ubatizo, au alilopewa siku ya akika. Nyumbani wanamwita Babu kwa sababu amerithi jina la baba mzaa baba yake, na mama yake hawezi kulitamka jina hilo kavukavu maana ni la mkwewe. Ukisimama mlangoni ukaita jina la kadi, mtoto wa miaka mitano anageuka huku na huku kuona ni nani anayeitwa. Ukisema "Babu, karibu ndani," anainuka.

Babu mmoja wa namna hiyo aliletwa na mama yake kutoka upande wa Mtinko. Kwa desturi yetu mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa, na hapo ndipo watoto wengi huanza kuharibikiwa kwangu. Mtoto ameingia, koo limekauka, sauti haitoki, na mama anamsukuma begani: "Msalimie daktari! Adabu umeiacha wapi?" Hajakaa kwenye kiti na tayari ana kosa. Basi siku ile nikamwahi mimi. "Shikamoo, Babu." Benchi la nje likacheka, mama akaziba mdomo kwa khanga, na Babu akanitazama kwa muda akipima kama ninamtania au la, kisha akajibu taratibu, "Marahaba." Najua wazee watakaosema ninawaharibu watoto. Barabarani na nyumbani nakubaliana nao kabisa. Chumbani kwangu nina shida ya kinywa kufunguka, na salamu iliyogeuzwa hufungua vinywa vingi.

Aliniambia ana mbuzi jike mwenye mimba. Nikaandika. Aliporudi baadaye nilisoma ukurasa wake kabla sijamwita, nikamuuliza mlangoni kama mbuzi ameshazaa. Alizaa mapacha. Hatukuwa na haja ya kusukumana bega tena.

Kabla ya kiti kuna benchi, na benchi ndilo linaloharibu kazi. Mtu mzima anatoka ameuma pamba yenye damu, anatema mate kwenye kopo, anaguna. Mtoto anatazama yote hayo. Harufu nayo imeenea, ile ya karafuu ambayo kila mtu huihusisha na chumba cha meno, kwa kuwa mafuta ya karafuu yamo kwenye dawa tunayozibia kwa muda. Nilichofanya ni kupanga foleni upya: watoto kwanza, asubuhi, kabla sijang'oa jino lolote la mtu mzima. Wazee walinung'unika kidogo, kisha wakazoea. Asubuhi mtoto hajachoka, hajashinda njaa kwenye benchi, na hajasikia mtu akilia ndani. Vyombo navifunika kwa kitambaa safi. Koleo halina haja ya kumsalimia mtu.

Kuhusu kiti chenyewe, ipo njia ya zamani ambayo kila anayesomea meno ya watoto hufundishwa. Mwaka 1959 daktari wa meno wa Marekani aitwaye Addelston aliiandika kwa hatua tatu: mweleze mtoto, mwonyeshe, ndipo ufanye. Inaonekana jambo dogo. Lakini angalia tunavyoishi na watoto wetu: tunafanya kwanza, tunaeleza baadaye, na kuonyesha tunasahau. Kwangu hatua hizo zinakwenda hivi. Namwambia Babu nina kioo kidogo cha kutazamia meno. Nampa akishike, ajitazame pua, amtazame mama yake meno. Kisha nakigusisha kwenye kucha yake, halafu kwenye jino moja la mbele, natoa. Hakuna kilichotokea. Ndipo ninamwomba anisaidie kuhesabu.

Kuhesabu ndiyo dawa yangu kubwa, na haijawahi kuisha stoo. Meno ya utoto ni ishirini, kumi juu na kumi chini, na mtoto wa miaka mitano akiwa mzima huwa nayo yote. Nahesabu kwa sauti nikigusa moja moja: moja, mbili, tatu. Watoto wa chekechea wanajua kuhesabu na hawavumilii mtu akosee. Nikifika saba nikaruka kwenda tisa, Babu anaguna "nane!" mdomo ukiwa wazi. Tukifika ishirini nimeshaona magego yote, ufizi na ulimi, na yeye anatoka kutangaza nje kwamba ana meno ishirini. Kwa mtoto mdogo zaidi, wa mwaka mmoja au miwili, situmii kiti kabisa. Mimi na mama tunakaa kwenye viti vya kawaida tukitazamana, magoti yetu yamegusana. Mtoto anakaa akimtazama mama yake, kisha tunamlaza taratibu hadi kichwa chake kinatua mapajani mwangu. Anaiona sura ya mama muda wote. Kama atalia, na alie. Akilia mdomo uko wazi na ninaona vizuri.

Mara nyingine hesabu haifiki ishirini. Inaishia kumi na nane, au kumi na sita, na nafasi zilizo tupu ni za chonge. Hapo simwulizi mtoto kitu. Namtazama bibi aliyemleta, na bibi anatazama sakafu. Tangu miaka ya 1980 imeenea katika mikoa mingi ya Tanzania imani ya meno ya plastiki, wengine huita ya nailoni. Mtoto wa miezi michache anapata homa na kuharisha, mtu anamfunua ufizi, anaona uvimbe mweupe mahali chonge linapojiandaa kutoka, anasema hilo ni jino la plastiki na ndilo linalomwua. Anatafutwa fundi, ufizi unapasuliwa, na kijino kichanga ambacho hakijakomaa, laini na cheupe, kinatolewa na kuonyeshwa kama ushahidi kwamba "ni plastiki". Ukweli ni kwamba jino lolote changa likitolewa kabla ya wakati wake litaonekana hivyo. Homa na kuharisha vina sababu zake, malaria, maji machafu, nimonia, na mtoto anapotezewa muda wa kutibiwa hayo huku akipewa kidonda mdomoni kwa chombo kisichochemshwa. Wapo waliopoteza damu nyingi, wapo walioingiwa na vijidudu kwenye damu, na chonge la utu uzima lililokuwa likijengeka chini yake huweza kuharibika au lisitoke kabisa.

Bibi yule alifanya hivyo kwa kumpenda mjukuu. Nikimgombeza mbele ya mtoto, nimewapoteza wote wawili, na mdogo wake atakayezaliwa mwakani atapelekwa kwa fundi kimya kimya. Kwa hiyo namkaribisha bibi kama nilivyomkaribisha mtoto. Namwonyesha kwa kidole mahali jino lilipotakiwa kuwa, namweleza kijino kichanga kinavyofanana, na namwomba mtoto mwingine akipata homa amlete kituoni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Singida ina jambo jingine lake, na hili linaonekana hata bila kioo. Ukitaka kujua kama mtoto amekuwa akitaniwa kwa meno yake, msimulie kitu cha kuchekesha, kisha utazame mkono. Mtoto wa darasa la tatu au la nne anacheka, na mkono unapanda wenyewe kuufunika mdomo. Meno yana madoa ya kahawia, mengine yamekuwa meupe kama chaki na kumeguka pembeni. Hayo ni matokeo ya floridi iliyozidi kwenye maji. Mkoa wetu uko katika ukanda wa Bonde la Ufa, na visima vyetu vingi vinachota maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya miamba yenye madini hayo. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa sababu vijiji vingi havikuwa na chanzo kingine, ilivumilia kwa miaka mingi hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini.

Floridi hiyo haipaki rangi jino lililokwisha kutoka. Inaliharibu jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya, tangu kuzaliwa hadi karibu miaka minane. Ndiyo maana mgeni aliyehamia Singida akiwa mtu mzima atakunywa maji hayo hayo na meno yake hayatabadilika rangi, wakati mtoto aliyezaliwa hapa anatoa meno ya utu uzima yakiwa tayari na madoa. Kwa hiyo doa hilo si uchafu. Hata hivyo nimekutana na watoto waliorudishwa nyumbani na mwalimu wakasugue meno kwa mchanga na mkaa, wakasugua mpaka ufizi ukatoka damu, na doa likabaki pale pale.

Kwa hawa nina sharti moja nililojiwekea: neno langu la kwanza lisihusu rangi. Mtoto amekwisha kusikia habari ya rangi kwa wenzake, kwa mwalimu na pengine kwa mjomba. Nikianza na "haya meno vipi?" nimejiunga nao. Naanza na kile anachofanya vizuri, na mara nyingi kipo, kwa sababu watoto wenye madoa hupiga mswaki kwa bidii kuliko wengine. Akishatulia ndipo namwambia, mzazi akisikia: haya ni maji ya kisima, wewe huna kosa. Nimeona mkono ukishuka kwa sentensi hiyo moja. Akikua, madoa yanaweza kupunguzwa au kufunikwa hospitali kubwa. Kwa wadogo zake bado kuna nafasi ya kuzuia. Maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi hayana tatizo hilo. Wekeni hayo kwa ajili ya kunywa na kupikia uji wa watoto wadogo. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floridi, na maji yakipungua sufuriani ndiyo kwanza inakolea. Magadi ya kulainishia mboga na maharage nayo mara nyingi yana floridi nyingi, kwa hiyo sahani ya mtoto mdogo isiwe nayo. Kule Ngurdoto mkoani Arusha kuna kituo cha utafiti cha serikali kilichofanya kwa miaka mingi kazi ya kuchuja floridi kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Njia hiyo inafanya kazi, ila mifupa inachoka na sharti ibadilishwe.

Tuje kwenye sindano, maana ndiyo kila mzazi anayonidokezea kwa jicho: usimwambie. Mimi namwambia. Wapo wazazi waliomwambia mtoto wanakwenda kununua viatu, na mtoto akagundua ukweli alipoona kiti changu. Mtoto huyo hamwamini mama tena, na mimi simo hata kwenye hesabu. Sisemi haiumi. Nasema itauma kama siafu, tutahesabu hadi kumi, kisha shavu litakuwa zito na kulala. Nampa na ishara: akiinua mkono wa kushoto nasimama. Na nasimama kweli, hata mara tano, kwa sababu ishara isiyoheshimiwa ni uongo mwingine. Mtoto mwenye uvimbe uliofika shingoni na homa kali, kwa huyo hatuna muda wa kungoja. Ashikwe, apewe rufaa au atibiwe, na maelezo atayapata baadaye. Lakini hao ni wachache. Wengi wanaoshikwa kwa nguvu wangeweza kungoja hadi kesho.

Tena si kila jino la mtoto linahitaji sindano, na hapa nchi yetu ina sifa ambayo Watanzania wachache wanaijua. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno wa Kidachi aliyekuwa akifanya kazi na chuo cha meno cha Dar es Salaam, alijaribu hapa Tanzania kuziba meno kwa vifaa vya mkono peke yake. Vijijini hakukuwa na umeme wa kuzungusha mashine. Sehemu iliyooza na kulainika inakwanguliwa kwa kijiko kidogo chenye makali, tundu linajazwa kwa dawa inayogandamana na jino, na mara nyingi ganzi haihitajiki. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, na ikaenea hadi nchi zenye umeme tele. Sababu ni watoto. Kilichowafaa ni kwamba ile mashine inayolia haipo. Dawa inayotumika leo kuzibia kwa njia hiyo iliingizwa mwaka 2021 kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi na ile ya maji yenye madini ya fedha ambayo hupakwa tu juu ya jino bovu na kusimamisha uozo. Hii ya mwisho hulifanya tundu kuwa jeusi, jambo ambalo mzazi aambiwe kabla, si baada.

Tatizo ni kwamba dawa za kuzibia huchelewa kufika vituo vingi, na koleo halichelewi, lipo siku zote. Nalisema hili wazi kwa sababu hakuna ukarimu utakaomfaa mtoto kama mwisho wake kila mara ni kung'olewa. Wanaopanga bajeti za vituo wakumbuke kwamba mtoto aliyezibwa jino leo hatarudi kulazwa na jipu.

Pipi simpi mtu, ingawa wazazi huniomba nimtuze mtoto. Akitolewa jino, nalisafisha, nalifunga kwenye karatasi safi na kumkabidhi mwenyewe, maana wengi wana mpango wa kwenda kulirusha juu ya paa. Asiyetolewa jino anaondoka na idadi yake ya meno niliyoiandika kwa kalamu nyekundu.

Kwa wazazi nina maombi machache. Mtoto wa miaka sita anaota gego nyuma kabisa ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wengi hudhani ni la utoto na litabadilishwa. Halibadilishwi, hilo ndilo atakalotafunia nyama hadi uzeeni, kwa hiyo mleteni likiwa jipya. Msaidieni kupiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, dawa ikiwa kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu na punje ya njegere kwa wa miaka mitatu hadi sita, ateme. Na safari ya kwanza ya kliniki ya meno iwe kabla hajatimiza mwaka mmoja au mara jino la kwanza linapotoka, hakuna linalouma, hakuna la kung'oa. Tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, vituo vingi hufanya uchunguzi kwa wote, ila hakuna haja ya kuingoja. Sera yetu ya afya inamsamehe gharama mtoto aliye chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali, na kuhesabu meno ishirini hakuchukui hata robo saa.